Siku Mama Alipomwozesha Olena kwa Serikali

Mpendwa wifi yangu Olena,

Ujumbe wako wa sauti umefika. Nimeusikiliza kwenye kibanda changu cha kusukia nywele, kisha nyumbani mbele ya Mama, kisha tena kibandani kwa sababu wateja walidai nao wausikie. Umesema umeanza kazi katika ile saluni ya Liège, unasuka asubuhi na kusoma alasiri, na binti yetu Mwamini amepata shule karibu na nyumba. Sasa mtaa wetu wote wa Mangobo unajua, hata wasiokufahamu. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Zaina, uko na kinywa," na ungekuwa umesema kweli.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi jambo. Wewe unacheka, mtandao unakatika, halafu tunaanza upya na salamu. Na lipo jambo ulilolisikia tu bila kuliona: yaliyotokea upande wetu Mama alipozungumza na yule bwana wa ofisi ya kazi ya huko. Nataka uwe nayo yote, maana yanakuhusu wewe kuliko sisi.

Nianze na mikono yako, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno.

Mdogo wangu Saidi alipokuleta kutoka Kharkiv, kule Ukraine, alikokwenda kusomea mitambo, tuliambiwa kuwa wewe ni fundi wa nywele. Tukafurahi. Familia ya wasusi inapata mke msusi, nani angelalamika? Kumbe ufundi wako ulikuwa wa mkasi. Kwenu watu huja kupunguzwa nywele, na hapa kwetu mwanamke anakuja kuongezwa. Ulikaa pembeni wiki nyingi ukichambua meche, zile nywele za bandia tunazosukia, ukizipanga fungu kwa fungu, na wapita njia wakiniita dada mkubwa na kunitania juu ya mzungu wangu, "Yaya Zaina, mundele yako anaogopa vichwa?" Hukuogopa vichwa hata kidogo. Vichwa ndivyo vilivyokuogopa wewe.

Mpaka siku ile ya Mama Albertine, muuza samaki wa kukaushwa, mwenyeji wa Yanonge. Unamkumbuka alivyoingia akihema, ameruka kutoka kwenye toleka kabla baiskeli haijasimama? Alikuwa anakwenda harusini kwao, boti lilikuwa karibu kuondoka, na wasusi wenzangu wote walikuwa kwenye matanga. "Batu biko wapi?" akauliza. "Miye niende ku ndoa na kichwa nusu?" Nikamwambia mikono iliyopo ni yangu na ya wifi yangu. Akakutazama. Akatazama saa kwenye simu yake. Akasema, "Bon. Mundele ashike upande ya nyuma. Kama iko mubaya, nitafunika na kitambala."

Tukamsuka kwa mikono minne, magoti yetu yakigusana. Nilikuwa nimekueleza mara nyingi kwamba wawili wakisuka kichwa kimoja lazima wavute sawa; mmoja akivuta kuliko mwenzake, kichwa kinauma na mistari haikutani. Siku hiyo hukuhitaji kuambiwa. Ulifuata mikono yangu. Nilipokaza ulikaza, nilipolegeza ulilegeza, na mistari ikakutana. Mama Albertine akajipapasa, akaomba kioo, akanyamaza. Mama Albertine kunyamaza, wewe mwenyewe unajua, ni jambo la kutangazwa redioni. Juma lililofuata alirudi na dada zake, wote wakitaka ile mikono ya upande wa nyuma.

Basi ukawa msusi wa Mangobo. Kiswahili chetu ukakijua kuliko Kifaransa, na lituma ukaitwanga vibaya mpaka Mama akakunyang'anya mchi kwa huruma ya ndizi. Kisha Mwamini akazaliwa, ukampa jina la Mama bila kuombwa na mtu. Hilo Mama hajalisahau. Anamwita ndoyi wake, mwenye jina lake, na wewe unajua ndoyi ni nini kwetu: ni mtu mwenyewe aliyeanza upya.

Halafu Saidi akaugua homa iliyoshinda dawa zote za hospitali za Makiso, tukamzika. Hapo sitaandika mengi. Ulikaa eda nyumbani kwetu, kwenye mkeka mmoja na Mama, ukila tulichokula. Ilipokwisha ukaomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yako Kharkiv, naye amwone mjukuu wake. Mama akakuambia, "Wende. Lakini mutoto ni ya kwetu. Utanirudishia ndoyi yangu." Ukaitikia ndiyo, Mama. Nilikuwepo, na najua uliitikia kwa moyo.

Vita vikakukuta huko. Sisi wa Kisangani hatuna haja ya kuelezwa mabomu mjini yakoje. Tulipoona picha, Mama alizima simu mwenyewe. Tulikuandikia: njooni. Lakini barabara iliyokuwa wazi ilikuwa inaelekea upande mwingine. Ulimbeba mtoto, treni kwa treni, mama yako akikataa kuondoka kwake, mpaka mkafika Ubelgiji. Kule mkapewa karatasi ya kukaa, chumba, daktari, masomo ya Kifaransa, na ruhusa ya kufanya kazi. Nilipomsomea Mama ujumbe huo alifikiri kidogo, akasema, "Babeleji balibebaka mbao, balibebaka pembe. Sasa na ndoyi yangu?"

Nilicheka, na wewe ulicheka nilipokusimulia. Lakini hakuwa anatania sana. Tangu siku hiyo kila habari njema yako ilikuwa habari mbaya kwa mtu mmoja nyumbani kwetu. Umefaulu somo la Kifaransa: Mama anabadilisha mazungumzo. Mwamini amepata koti la baridi: Mama anauliza kwa nini linunuliwe koti kubwa hivyo, la kumtosha hata mwakani.

Ndipo ikaja habari ya ofisi ya kazi ya huko. Walikuuliza unajua kufanya nini. Ukasema kukata nywele na kusuka. Cheti cha kukata kilibaki Kharkiv, katika nyumba ambayo hukujua kama bado imesimama. Cha kusuka hukuwa nacho, maana nani Mangobo anatoa cheti? Mshauri wako akasema kuna kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli, unaweza kuanza mara moja. Au kuna nafasi ya mafunzo ya miaka miwili katika saluni, serikali ikikulipia masomo na posho, ila mwenye saluni anataka kuhakikishiwa kwamba mikono hiyo imeshafanya kazi. Akaomba azungumze na aliyekufundisha, yaani mimi. Angeweza kukuandika kwenye hoteli na kwenda zake nyumbani, kwa hiyo nampa heshima yake.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa sababu ya adabu. Mtu wa nje akiuliza habari za mwanamke wa nyumba, awe msichana au mjane, anayejibu ni mkubwa wa nyumba. Ningejibu mwenyewe na Mama ameketi pale, ningeonekana sikulelewa. Kwa hiyo niliweka simu katikati ya ua, sauti juu, nikawa mkalimani: Kifaransa cha bwana kinaingia, Kiswahili kinakwenda kwa Mama, jibu linarudi.

"Anauliza kama Olena alikuwa anafika kazini mapema."

Mama akakunja uso. "Muambie anaamukaka mbele ya jua."

"Anauliza kama ni mvumilivu, kama anapatana na wenzake."

"Muambie hagombanake na batu."

"Anauliza kama ana afya ya kusimama kutwa nzima."

Mama aliinuka. Akaingia ndani, nami nikambembeleza bwana asikate simu. Akatoka amejifunga kitambaa kipya kichwani, akatandika mkeka, akaketi, akavuta kitenge chake kikafunika miguu. Akasema, "Zaina. Hii iko posa."

"Hapana, Mama. Ni ofisi ya kazi."

"Kazi gani? Mwanaume anauliza mwanamuke iko na afya, anaamukaka lini, anagombanaka ao hapana. Na miye baliniulizaka hivi hivi mbele baba yako anioe. Alors, muambie huyu monsieur: mukwe yangu iko muntu muzuri, eda ilikwisha, hatumufunge kamba. Lakini sisi hatutoake muntu ku telefone. Atume ba tonton na bajomba yake. Bakuye na mbuzi."

Hapo nikakusikia ukiangua kicheko upande wa pili. "Mama, haiko mwanaume yangu! Ni serikali!"

"Serikali gani inaulizaka mwanamuke kama anaamuka mapema?"

Nikaona Mama ana haki. Nimesuka vichwa vya Mangobo tangu usichana wangu, na serikali haijawahi kuniuliza kama mikono yangu inajua kitu. Ni swali la mchumba kweli. Mtu anauliza unaamka saa ngapi kwa sababu anafikiria asubuhi zake pamoja nawe.

Kisha Mama akasema lile la mwisho. "Na mutoto haingie mu hii mambo. Mutoto ni ya huku." Kicheko chako kikakatika. Bwana akauliza Madame amesema nini. Nikamwambia amesema Olena ni mchapakazi. Akashukuru, akasema atapiga tena juma linalofuata, safari hiyo mwenye saluni akiwa pamoja naye, na simu ikafungwa.

Sasa ndiyo yale ambayo hukuyaona.

Mama alitaka aelezwe, nikamweleza bila kupunguza. Ukipata nafasi ile, utasoma, kisha utafanya kazi hapo, na Mwamini atakulia kule. Ukiikosa, utasafisha hoteli, na huenda siku moja ukachoka ukaja kwetu. Mama anaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Akaniuliza, "Donc, nikisema hajuake kusuka, atarudia?" Nikamjibu kwamba pengine. Sikutaka kumdanganya. Akasema, "Bon," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku hizo nilikuogopea, Olena. Neno moja la mama mkwe wako, mbele ya mwenye saluni, lingetosha. Wala nisingeweza kuligeuza katikati ya njia, kwa sababu wewe ungekuwa unasikia, na Mama angejua. Alikuja kibandani akakaa kwenye kiti cha wateja, bila kusukwa, akitazama watu wanavyofanya kazi.

Anayefanya kazi mbele yangu siku hizi ni Feza. Humjui. Alikimbia mapigano ng'ambo ya mto, upande wa barabara ya Ubundu, akavuka na watoto wake, wakalala muda mrefu kwenye darasa la shule pamoja na wengine. Kwao alikuwa mfumaji wa mikeka. Alikuja kibandani kuomba maji, nikaona vidole vyake, nikamwambia akae. Bado anavuta sana upande wa kulia, lakini atajifunza.

Mama akamuuliza, "Feza, mulipofikaka huku, nani alikuuliza unajua kazi gani?"

"Hakuna, Mama. Baliulizaka tu tuko bangapi."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Sikuona lipi lilikuwa likipita ndani yake. Nilidhani anasikitika kwa ajili ya Feza, na hilo lilikuwepo pia. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Na ile serikali ya Olena, siku itamuchoka, itamufanya nini?"

Nikakutumia swali lake, nawe ukajibu vizuri, bila kupamba. Ulisema ruhusa yenu inaongezwa mwaka kwa mwaka, mpaka sasa wameongeza, na ya mbele hakuna anayejua. Ukaongeza habari ya yule Mkongomani uliyemkuta ulipokwenda kuiona saluni, aliyesubiri miaka apate ruhusa ya kufanya kazi uliyopewa wewe mara moja, na jinsi alivyokugeuzia mgongo ulipomwambia, kisha akakuletea bakuli la sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Nilimsomea Mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe iko kwa batu, na nyuma yake hakuna muntu ya kumusemea."

Simu ya pili ilipofika, mkeka ulikuwa tayari umetandikwa. Mama alikuwa amemwita Mama Albertine awe shahidi, kwa maana alisema jambo kama hili halifanywi na nyumba moja. Nilijaribu tena kumweleza kwamba si ndoa. Akanijibu, "Miye najua haiko ndoa. Nyamaza, utafsiri."

Unakumbuka maneno yake ya kwanza, ulikuwepo. "Mukwe yangu anajua kusuka. Mikono yake inavuta sawa. Muangalie." Akamsukuma Mama Albertine mbele ya kamera, naye akageuza kisogo kwa fahari. Wewe uliona, mimi niliona, kwamba mistari ile haikuwa ya mikono yako; ilikuwa ya Feza, na upande wa kulia ulikuwa umekaza mno. Mwenye saluni akasema ni kazi nzuri sana. Mungu atusamehe sote.

Lakini yaliyofuata Mama aliyasema polepole, na safari hii nilitafsiri neno kwa neno.

"Monsieur, munamutaka mukwe yetu. Tunawapa. Na mutoto aende na mama yake, mutoto halelewake na simu. Lakini usikie. Siku mutamuchoka, musimupige, musimutupe mu njia. Mutuambie sisi. Tutakuya kumubeba, yeye na ndoyi yangu. Iko na kwao."

Mama zetu wote wamewahi kusikia maneno hayo yakisemwa juu ya vichwa vyao, siku walipoozwa. Nami nilisemewa. Sikuwahi kufikiri yanaweza kusemwa kwa ofisi.

Bwana akasema kwa adabu kwamba yeye ni mfanyakazi tu, sheria si zake, na hawezi kuahidi kitu. Nikamtafsiria Mama. Hakuudhika hata kidogo. "Mujumbe hauawake," akasema. "Muambie apeleke tu kwa benye balimutuma." Bwana akasema atapeleka. Sijui aliyapeleka kwa nani. Nilikusikia wewe ukipenga kamasi.

Simu ilipofungwa, Mama Albertine alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaenda sokoni, na wewe unajua sokoni maana yake nini. Kabla ya jioni wanawake walianza kuingia uani kumsalimu Mama, kama wanavyomsalimu mama aliyeozesha binti. Mmoja alileta sabuni, mwingine mafuta ya mawese. Nilitaka kuwarekebisha. Mama akanifinya mkono. "Wache," akasema. Akazipokea salamu zote akiwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akiitikia mmoja mmoja, na walipokwisha ondoka alijifunika kitenge mpaka kichwani akalia. Nilikaa karibu naye mpaka alipomaliza. Mama angeweza kukurudisha kwa neno moja, Olena. Alilijua, alilipima, akaliacha.

Kwa hiyo fanya kazi. Soma hicho cheti ukipate, ukitundike ukutani mahali watu wanapokiona. Mwenye saluni akikuambia usuke haraka, usimsikilize. Yule mwenzako aliyekuletea sombe, umpe kiti kizuri na maneno mazuri, maana hana kosa la kusubiri. Mimi natamani ufaulu kabisa. Na zipo siku, nikiwa peke yangu na kichwa kigumu, natamani wakuchoke upesi. Yote mawili ni ya kweli, sina la kuyafanya.

Ila jambo moja limenisukuma kushika kalamu. Ijumaa iliyopita, ulipompa Mwamini simu amsalimu koko yake, bibi mwenye jina lake, alizungumza muda mrefu, vizuri, kwa furaha, na yote kwa Kifaransa. Mama alisikiliza akitabasamu mpaka akaishiwa na tabasamu. Akanigeukia: "Anasema nini?" Nikamtafsiria. Habari za shule, habari za theluji, rafiki yake mpya ana paka. Mama akajibu, nikamtafsiria mtoto. Hivyo hivyo, huku na huku, kama na yule bwana wa ofisi.

Sikulaumu. Mtoto anasema kile anachosikia. Lakini jioni, ukitoka darasani umechoka, ukiwa unamchana nywele au unampa chakula, zungumza naye Kiswahili. Hiki hiki chetu kibovu cha Mangobo. Mafunzo serikali itakulipia, na ninashukuru. Hili haliwezi kukulipia. Mimi nitaendelea kumtafsiria Mama mabwana wa ofisi kadiri watakavyopiga. Usiniache niwe mkalimani kati ya Mama na jina lake mwenyewe.

Mbaki na amani ya Mungu, wewe na binti yetu.

Wifi yako mkubwa,
Zaina